Nyasi Yetu, Winta Yao

Wasee, leo tuongee nyasi. Na kabla mjae pale chini na vichekesho, naongea nyasi ya kukanyagwa, ile ya kiwanjani.

Ukitafuta kwenye simu jinsi ya kutunza nyasi, iwe ya mbele ya nyumba au ya uwanja wa gofu, video nyingi zitakuambia kitu kimoja: Septemba imefika, tayarisha nyasi yako kwa winta. Weka mbolea hii, toboa udongo hivi, pandisha mashine, usikanyage pale. Mtu wa Ruiru anaangalia hiyo video akiwa na fulana tu, jua la Septemba linamchoma shingo, na anaandika nota. Jamaa mmoja wa mtaa wetu anayepanda nyasi kwa plot za watu aliniuliza akiwa serious kabisa: "Sasa buda, winta yetu ni mwezi gani?"

Ni swali poa kuliko linavyoonekana. Nimelifuata kwa wiki kadhaa, na limenitoa Thika likanipeleka Uskoti, California, kisha likanirudisha kwa mashamba ya kahawa. Jibu langu ni hili: nyasi yetu ina winta yake, na inaanza Januari. Hiyo nyasi ambayo Wazungu wanaitayarisha kwa baridi huko kwao, baadhi yake ilitoka Afrika, na moja maarufu ilitoka kwa hizi nyanda zetu za juu. Sisi ndio tulirudishiwa kalenda isiyo yetu. Na kosa la kalenda linakula maji ambayo wewe na mimi tunayapangia foleni na mitungi.

Twende polepole.

WINTA YA WENYEWE

Gofu tunayoijua ilikulia Uskoti. Mwaka 1457 bunge la huko liliipiga marufuku, pamoja na kandanda, kwa sababu vijana walikuwa wanacheza badala ya kufanya mazoezi ya mishale ya vita. Marufuku haikufua dafu. Walicheza pwani, kwenye ardhi ya mchanga isiyofaa kulimwa, ambapo nyasi ilikuwa fupi kwa sababu ya upepo, chumvi, na meno ya kondoo na sungura. Mashimo 18 unayoyasikia kila mahali yalitoka St Andrews, ambapo mwaka 1764 wenyewe walipunguza idadi yao ikafika hapo, na dunia ikaiga.

Kwa muda mrefu hakukuwa na mtu wa kutunza nyasi kama kazi. Mashine ya kukata nyasi ilipewa hataza Uingereza mwaka 1830, kazi ya fundi anaitwa Edwin Budding. Kuanzia miaka ya 1860 St Andrews wakamwajiri Tom Morris, mzee wa ndevu ambaye alikuwa bingwa wa gofu na pia mtunza uwanja. Anakumbukwa kwa kumwaga mchanga juu ya grini, yaani pale penye shimo ambapo nyasi hukatwa fupi kama zulia. Mchanga unasawazisha, unapitisha maji, unaipa mizizi hewa. Hadi leo kila mtunza uwanja duniani anafanya hivyo.

Sasa, kwa nini winta inawasumbua hivyo? Kwa sababu huko nyasi inaweza kufa. Siku zinakuwa fupi, jua linalala chini, udongo unaganda. Kabla ya hapo mtunza uwanja anafanya kazi kama mtu anayefunga nyumba kabla ya safari. Anaacha kuweka nitrojeni nyingi, kwa sababu nitrojeni inatoa majani laini ambayo baridi itayaua. Anaweka potasiamu, ambayo inasaidia mmea kuvumilia shida. Anapandisha kisu cha mashine ili jani libaki refu na likusanye mwanga mdogo uliopo. Anatoboa udongo ili maji yasisimame. Anafagia majani ya miti, kwa sababu chini yake kuvu hustawi, na kuna ugonjwa wa kuvu unaopenda baridi na unyevu, unaoacha viraka vya kahawia kwenye grini. Mahali pa barafu kali anapuliza maji yote kutoka kwa mabomba kwa hewa ya kompresa, la sivyo yataganda na kupasuka.

Na asubuhi ya sakitu, ile barafu nyembamba inayokaa juu ya majani, hakuna mtu kukanyaga. Maji ndani ya jani yameganda. Ukilikanyaga linavunjika kwa ndani, na baada ya siku chache nyayo zako zinaonekana zikiwa nyeusi, hatua kwa hatua, kama ushahidi wa polisi.

Hizo zote ni akili. Sizidharau. Ni watu walioangalia ardhi yao kwa miaka mingi na wakajua inataka nini na lini. Shida inaanza pale akili ya ardhi moja inapogeuzwa kuwa sheria ya ardhi zote.

NYASI ILIYOTOKA HUKU

Unajua nyasi ya kikuyu. Hata kama hujui jina, umeikalia. Ni ile nene, ya kijani kilichoiva, inayotambaa juu ya udongo na chini ya udongo kwa wakati mmoja, mpaka ukijaribu kuing'oa inakucheka. Iko kando ya barabara Kiambu, kwa viwanja vya shule, kwa makaburi, kwa malisho ya ng'ombe wa maziwa. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kutoka Ethiopia kupita Kenya hadi Kongo ya mashariki.

Jina la kisayansi ilipewa mwaka 1903 na mtaalamu wa mimea wa Italia, Emilio Chiovenda: Pennisetum clandestinum. Siku hizi wameihamishia ukoo mwingine, wanaiita Cenchrus clandestinus, lakini lile neno la pili limebaki, na maana yake ni "ya siri". Maua yake yamejificha ndani ya jani. Kitu pekee kinachotoka nje ni nyuzi nyembamba nyeupe, na zinatoka zaidi baada ya nyasi kukatwa. Ukipita uwanjani asubuhi siku ambazo zimetoka, unaweza kuapa kuna sakitu. Nyasi inajivalisha winta ya uongo, hapa hapa karibu na ikweta. Nikisema mambo mengine hayahitaji kutungwa, ndio haya.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakoloni na wataalamu wa kilimo walianza kuisafirisha. Ikaenda Afrika Kusini, ikaenda Australia kwa ajili ya malisho. Karibu mwaka 1918 ikafika California, ambako ilipandwa kushika udongo wa miteremko na kingo za mito. Hapo ndipo walipojua hawajui. Nyasi ilikataa kukaa ilipowekwa. Ilitambaa ikaingia mashamba, bustani na viwanja vya gofu vya kusini mwa California. Serikali ya Marekani iliiweka kwenye orodha ya magugu hatari, na bado iko huko.

Lakini watu wa gofu, baada ya kushindwa kuitoa, wakaipenda. Riviera, ile klabu ya Los Angeles ya miaka ya 1920, leo ni maarufu kwa nyasi ya kikuyu. Mpira unakaa juu yake kama umewekwa na mkono, lakini ukitoka nje ya njia, pale imeachwa ndefu, inashika chuma cha mchezaji kama imekasirika. Mwaka 2008 Tiger Woods alishinda US Open akiwa na mguu uliovunjika, kwa mashimo 91, kwenye uwanja wa Torrey Pines huko San Diego. Ile njia ya kijani aliyokuwa anatembelea akichechemea ilikuwa nyasi ya kikuyu. Watangazaji huitaja kila mwaka. Ni mara ngapi wamesema ilitoka wapi?

Na si hiyo peke yake. Ile inayoitwa nyasi ya Bermuda, ambayo imejaa viwanja vya nchi za joto, haikuanzia Bermuda. Aina zake maarufu za gofu zilitengenezwa Tifton, Georgia, na mtaalamu Glenn Burton, miaka ya 1950 na 1960, kwa kuchanganya nyasi ya kawaida ya Bermuda na ndugu yake kutoka Afrika Kusini. Kwa hivyo gofu ni mchezo wa Waskoti unaochezwa, sehemu kubwa ya dunia yenye joto, juu ya nyasi zenye damu ya Afrika. Nyasi ilitolewa visa kabla yetu.

Hizi nyasi zetu zinapenda joto na mwanga. Zikifika kwa watu wenye winta, zinalala. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi, kikuyu inaacha kukua na polepole inapoteza rangi. Haijafa. Imefunga duka, chakula chake kiko kwenye yale mashina mazito chini ya udongo, inangoja. Torrey Pines, ambako wana mashindano kila Januari, hupanda nyasi ya baridi juu ya ile iliyolala, ili televisheni ione kijani. Yaani nyasi yetu inafunikwa na nyingine mpaka jua lirudi.

UDONGO WA KAHAWA

Rudi nyumbani sasa. Kwani gofu ilifikaje Thika na Ruiru?

Ilikuja na mashamba. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa 1906, wakati mji wenyewe ulikuwa na umri mdogo kuliko mtoto wa darasa la nne. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Kuanzia hapo walowezi walijaza eneo hili na kahawa na katani, na Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walikuja kulima kahawa huku, akaandika kitabu kuhusu Thika ya utoto wake, kikatoka 1959. Penye walowezi palikuwa na klabu, na kwa klabu palikuwa na gofu. Thika ina klabu yake na Ruiru ina yake hadi leo, na zote ni urithi wa enzi ile.

Sheria za ardhi za 1902 na 1915 zilikuwa zimeifanya ardhi kuwa mali ya mfalme wa Uingereza. Waliokuwa wakiishi hapo wakageuka wapangaji na vibarua kwenye udongo wa babu zao. Kuanzia 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alibeba kipande shingoni ili afuatiliwe. Mwaka 1921 waajiri wakakata mishahara. Harry Thuku, kijana wa Kiambu aliyekuwa karani Nairobi, akapinga kipande, akapinga mishahara kukatwa, akapinga wasichana kulazimishwa kufanya kazi kwa mashamba. Walipomkamata, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, na tarehe 16 Machi 1922 wakapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewachochea wanaume waliokuwa wanarudi nyuma, aliuawa siku hiyo.

Na kahawa yenyewe? Mwafrika wa Kiambu aliipalilia, akaichuma, akaibeba, lakini kuipanda kwa shamba lake mwenyewe hakuruhusiwa hadi miaka ya 1950. Majaribio ya kuwaruhusu Waafrika yalianza miaka ya 1930, na yakaanzia mbali na huku, Kisii, Embu na Meru.

Uwanja wa gofu ulikuwa na sheria ile ile. Mwafrika aliruhusiwa kuingia akiwa na slasha, akiwa na jembe, au akiwa amebeba mkoba wa vifaa vya mtu mwingine. Hao wa kubeba mikoba, makedi, walijifunza gofu kwa macho, wakaenda kuchezea vijiti kijijini. Na wale wa slasha walijifunza kitu kingine ambacho hakuna mtu alikiandika: walijifunza nyasi. Wapi maji husimama baada ya mvua ya Aprili. Upande gani wa grini hupata kivuli Julai. Mchwa huanza wapi. Bwana mkubwa alikuwa na kitabu kutoka Uingereza. Wao walikuwa na miguu yao kwenye umande kila alfajiri.

WINTA YA THIKA

Nimeongea na mzee mmoja, sitamtaja jina wala klabu aliyofanyia kazi, ambaye alikata nyasi ya gofu zaidi ya miaka thelathini. Nilimsalimia, tukaketi, nikamuuliza moja kwa moja: "Mzee, mlikuwa mnatayarisha nyasi kwa baridi?"

"Kijana, baridi gani?" akaniuliza. "Ya gathano au ya jua?"

Baridi ya jua. Ngoja nieleze, maana hapo ndipo kila kitu kiliniingia.

Wazee wa Kikuyu hawakuwa na winta wala samaa. Walikuwa na mvua ya njahi, ambayo ni ile ndefu ya Machi hadi Mei. Baada yake gathano, ile baridi ya mawingu ya Juni hadi Agosti. Kisha mvua ya mwere, Oktoba hadi Desemba. Kisha kiangazi kikali cha Januari na Februari. Hata watu wa pwani wana jina la majira ya ubaridi wa katikati ya mwaka, wanaita kipupwe. Kwa hivyo baridi tunayo. Lakini Thika iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Julai utavaa sweta na hudi, utakunywa chai mara nne, lakini udongo hauwezi kuganda.

Mzee akaniambia gathano ina kazi zake. Mvua ya njahi imeacha udongo umeshikamana, kwa hivyo wanatoboa na kumwaga mchanga. Mawingu yanafunika jua wiki nzima, nyasi inakua pole, kwa hivyo wanapandisha kisu kidogo. Umande unachelewa kukauka na kuvu unaupenda, kwa hivyo alfajiri wanapita na fimbo ndefu nyembamba wakipangusa umande kwenye grini, kushoto kulia, kama mtu anayefagia hewa. Ukilinganisha na Uskoti, ni orodha ile ile ikiwa imepunguzwa. Hakuna cha kufunika, hakuna mabomba ya kupasuka.

"Hiyo ni mafua," akasema. "Ugonjwa wenyewe ni Januari."

Januari mvua ya mwere imeisha. Jua linachoma kuanzia asubuhi, upepo unakausha, na wiki baada ya wiki hakuna tone. Nyasi ya kikuyu inafanya kile inachofanya California ikipata baridi: inaacha kukua, inapoteza rangi, inakuwa kahawia, inashuka kulala. Mmea hauna habari kama umenyimwa joto au umenyimwa maji. Umenyimwa, basi. Unafunga duka.

Kwa hivyo matayarisho ya kweli ya winta ya Thika hufanywa Novemba, mvua ikiwa bado inanyesha. Toboa udongo wakati ni laini ili maji ya mvua yaingie chini kabisa. Weka potasiamu. Punguza nitrojeni mwisho wa mvua, kwa sababu majani mengi laini ni midomo mingi ya kunywa maji ambayo hayatakuwepo. Acha nyasi irefuke kidogo Desemba ili ijitilie kivuli na mizizi ishuke. Mtunza uwanja wa Ulaya anafanya karibu mambo yayo hayo Septemba. Sababu tofauti, mwezi tofauti, busara moja.

Na ukitaka kucheka zaidi: sakitu ya kweli ipo Kenya, na haiji Julai. Huja hasa Januari na Februari, usiku ambao hauna wingu, joto la ardhi linapotoroka lote angani. Januari 2012 iliunguza majani chai sehemu za Kericho na Nandi. Hata barafu yetu haifuati kalenda ya kwa wenyewe.

Sasa fikiria mtu aliyefuata ile video ya Septemba. Ameweka mbolea ya winta Septemba, kabla mvua haijaanza, juu ya udongo mkavu. Mvua kubwa ya Novemba imekuja ikasomba nyingine ikapeleka mtoni. Januari imefika, nyasi haina kitu. Anafanya nini? Anafungulia maji.

MAJI SASA

Hapa ndipo hii stori inaacha kuwa ya nyasi.

Angalia barabara ya Thika ilivyo tangu ile njia kuu ifunguliwe 2012. Kahawa imeng'olewa. Mahali palipokuwa na safu za kahawa Ruiru pameota magorofa, maduka, na mitaa yenye ukuta na geti. Tatu City yenyewe imekaa juu ya mashamba ya kahawa ya zamani. Kupita Thika, kuelekea Murang'a, kuna Thika Greens, makazi yaliyojengwa kuzunguka gofu. Matangazo ya nyumba za aina hii, popote yalipo, yanafanana: familia inatabasamu, na nyuma yao nyasi ya kijani kabisa. Kijani cha Mei. Hakuna tangazo lililopigwa Februari.

Upande wa pili wa ukuta, mjengo wa gorofa sita, vyumba vya kupanga, maji yanakuja siku mbili kwa wiki kama mnabahatika. Mtungi wa lita 20 ukipandishwa ngazi na kijana wa mkokoteni una bei yake, na Februari bei inapanda. Mito yetu ina kazi nyingi. Bwawa la Ruiru lilijengwa enzi za ukoloni ili Nairobi inywe. Ndakaini, lililokamilika 1994 kwenye mto Thika, ndilo linaloibeba Nairobi hadi leo. Karimenu II huko Gatundu lilizinduliwa 2022, na lilikuwa na ahadi kwa watu wa Ruiru na Juja. Sote tunakunywa kutoka kwa mvua ile ile ya milima ya Aberdare.

Najua mtajibu. Mtasema klabu nyingi zina visima vyao, zina mabwawa yao, na zingine hutumia maji yaliyosafishwa baada ya kutumika. Kweli, na zinazofanya hivyo ziheshimiwe. Mtasema gofu inaajiri watu. Kweli pia, yule mzee alisomesha watoto kwa hiyo nyasi. Mtasema Kenya Open, ambayo imekuwepo tangu 1967 na iko kwenye ratiba kuu ya Ulaya tangu 2019, huchezwa Februari au Machi, na wageni hawawezi kuja kucheza juu ya vumbi. Sawa. Grini zimwagiliwe. Ni eneo dogo, nyasi yake imekatwa fupi mno, na ikikauka kabisa imeenda.

Lakini ile nyingine? Zile ekari za kikuyu katikati na pembeni? Lile zulia la mbele ya apartment ambalo hata mtoto haruhusiwi kulikanyaga? Hiyo ni nyasi ya hapa. Imeona viangazi kabla ya klabu yoyote kuwepo. Acheni ilale. Mvua ya Machi ikigonga, wiki mbili tu, itaamka bila kuuliza mtu.

Na msiniambie gofu haichezwi kwenye nyasi ya kahawia. Mwaka 2006 The Open ilichezwa Hoylake, Uingereza, baada ya joto kali, na uwanja ulikuwa umekauka rangi ya mkate. Tiger alishinda, na wazee wa gofu walisema hivyo ndivyo mchezo ulivyokuwa zamani: mpira unabingirika, unafikiria, huchapi tu. Mwaka 2014 Wamarekani walicheza US Open mbili mfululizo, ya wanaume kisha ya wanawake, pale Pinehurst, North Carolina, kwenye uwanja ambao wenyewe walikuwa wameamua kuung'oa nyasi nyingi na kupunguza maji. Ulikuwa na mchanga na kahawia kila upande. Dunia haikuisha.

Wao wameanza kujifunza kuacha ardhi ifuate majira yake. Sisi, wenye nyasi, bado tunalipa ili Februari yetu ifanane na Mei. Na hata hilo neno "kahawia" limetokana na kahawa, wasee. Ruiru na Thika zimekuwa za kahawa zaidi ya miaka 100. Sasa ndio tunaiona rangi hiyo kama aibu?

KAZI YA NYUMBANI

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina cheti cha kuwaonyesha. Lakini hii safari imenionyesha kwamba maktaba moja kubwa ya hii historia iko kwa wazee ambao walikuwa wanaamka saa kumi alfajiri kukata nyasi ya watu. Wanajua mwaka gani mvua ya mwere ilikosekana na klabu ilifanya nini. Wanajua grini gani ilikuwa shamba la nani kabla. Hakuna aliyewauliza, kwa sababu walikuwa "wale wa slasha".

Kama una guka, mjomba au jirani aliyefanya kazi kwa klabu, kwa shamba la kahawa, au hata shule kama mtunza uwanja, nenda umsalimie wikendi hii. Beba mkate na maziwa, si simu peke yake. Ukishaomba ruhusa, washa rekoda. Muulize mambo matatu: ardhi ilikuwa ya nani, nyasi ilitoka wapi, na Januari walikuwa wanafanya nini.

Na kama wewe ndio unapanda nyasi kwa plot za watu hapo Membley, Kimbo, Juja au Makongeni, mwambie mteja ukweli. Mwambie mbolea ni Novemba. Mwambie Januari itakuwa kahawia, na Aprili itarudi. Akikataa, akitaka kijani mwaka mzima, mwonyeshe foleni ya mitungi nje ya geti lake, kisha umpe bei.